Jamaa aliyeshuka mlima wa theluji kwa skii za majini

MWANZONI mwa miaka ya 2000, juu ya mlima mmoja huko Alaska, Marekani, jamaa mmoja alisimama akiwa amefunga miguuni skii za majini. Sio za theluji. Ni zile pana, bapa, ambazo kazi yake ni kuvutwa na boti ziwani wakati wa joto. Alikuwa amezifungia vifungio vya kawaida vya buti za theluji. Akaelekeza ncha bondeni, akajiachia.

Kamera zilikuwepo, kwa hiyo hii sio stori ya kijiweni. Jamaa alishuka salama, tena kwa raha zake, kama mtu anayecheza na wimbi.

Anaitwa Shane McConkey, mzaliwa wa Vancouver, Canada, aliyejengea jina lake milima ya California. Kwa watu wa theluji huyu ni kama Ronaldinho: kichekesho, fundi, na mtu ambaye makocha wa kitabuni walikuwa hawajui wamweke wapi.

Najua unachojiuliza. Kurasa hizi ni za Simba, Yanga na Ligi Kuu England, theluji imetokea wapi? Vumilia kidogo. Mimi mwenyewe niliingia kwenye habari hii kwa mlango wa njumu.

Nilikuwa nasoma habari za Craig Johnston, kiungo wa zamani wa Liverpool. Baada ya kustaafu, akiwafundisha watoto mpira, aliona njumu za ngozi zinateleza kwenye mpira uliolowa. Akachukua raba ya kibao cha tenisi ya meza, akaibandika juu ya kiatu, akapiga. Mpira ukashika. Kampuni zikamuona mtu wa ajabu, mpaka alipowarekodi Franz Beckenbauer, Karl-Heinz Rummenigge na Paul Breitner wakipiga mipira kwa viatu vyake kwenye theluji. Adidas wakakubali, na mwaka 1994 Predator ikaingia sokoni. Wengi wenu mliovaa Predator, hata zile za mtumba, mlikuwa mmevaa wazo lililotoka kwenye meza ya pingpong.

Nikaanza kutafuta michezo mingine iliyoazimana vifaa namna hiyo. Sijaona miwili iliyoazimana, ikasahauliana, kisha ikarudiana kama kuteleza kwenye theluji na kuteleza majini.

SUFURIA LA MAMA

Kwa ambaye hajawahi kuziona, skii ni mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni, ncha za mbele zimekunjwa kuelekea juu. Kwenye theluji unashushwa na mteremko. Majini unavutwa na boti kwa kamba.

Za theluji zina maelfu ya miaka. Za majini zina tarehe ya kuzaliwa. Ni Julai 2, 1922, Ziwa Pepin, mjini Lake City, jimbo la Minnesota, Marekani. Kijana Ralph Samuelson alikuwa anatimiza miaka 19 kesho yake.

Lake City ni mji wa baridi kali, na watu wake walizijua skii za theluji. Samuelson akawaza: kama mtu anateleza juu ya theluji, ambayo ni maji tu yaliyoganda, kwa nini asiteleze juu ya maji yenyewe? Akaanza kwa kufunga mbao za pipa. Akazama. Akafunga skii zenyewe za theluji. Akazama tena.

Ndipo akanunua mbao mbili za msonobari, kila moja urefu wa karibu mita mbili na nusu na upana wa sentimita 23. Akalichukua sufuria kubwa la shaba la mama yake, akachemsha maji, akatumbukiza ncha za mbao mpaka zikalainika, kisha akazikunja zielekee juu. Vipande vya ngozi vikawa vifungio. Kaka yake, Ben, akashika usukani wa boti iliyokuwa na injini ya lori.

Siku kadhaa ilikuwa ni kuanguka tu. Alikuwa anaanza skii zikiwa zimelala sambamba na maji, na kila boti ikivuta ncha zinazama, na yeye anazifuata. Julai 2 akajaribu kuegemea nyuma na kuziacha ncha zichomoze nje ya maji. Boti ikavuta, akainuka, akaenda.

Shika mambo mawili hapo: alipanua mbao, na aliinua ncha. Tutayarudia.

Kuhusu heshima aliyopata Samuelson, mimi bado inanikera. Hakusajili hataza yoyote. Mwaka 1925, mwaka uleule aliporuka na skii zake juu ya jukwaa lililopakwa mafuta ya nguruwe, hataza ilichukuliwa na mtu mwingine kabisa, Fred Waller wa New York, aliyekuwa akiuza skii za majini kwa jina la Akwa-Skees. Samuelson akaishia kufuga bata mzinga. Ilibidi ifike mwaka 1966 ndipo chama cha mchezo huo Marekani kikamtambua rasmi. Miaka 44 ya kusubiri VAR.

UWANJA MGUMU, UWANJA LAINI

Baada ya hapo ndugu hawa wawili kila mmoja akashika njia yake. Kilichowatenganisha, kama kwenye soka, ni uwanja.

Shabiki wa mpira hahitaji mhadhara hapa. Fainali ya Kombe la Dunia 1954 mjini Bern ilichezwa kwenye mvua, na Wajerumani Magharibi walivaa njumu za Adi Dassler zenye meno ya kufungua na kufunga. Uwanja ulipogeuka tope wakaweka meno marefu. Hungary ya Puskas ikalala 3-2. Sisemi njumu ndizo zilizofunga mabao, ila hakuna anayesimulia mechi ile bila kuzitaja.

Kwenye theluji, mashindano makubwa yanafanyika kwenye njia iliyoshindiliwa mpaka inakuwa ngumu karibu na barafu. Skii ikatengenezwa kwa ajili ya hiyo. Mwaka 1926 Rudolf Lettner wa Austria alipata hataza ya kingo za chuma, ili skii ing'ate barafu kama kisu. Mwaka 1950 Howard Head, mhandisi aliyetokea kiwanda cha ndege, akaingiza sokoni skii ya alumini iliyobeba mbao katikati kama sandwichi. Na skii ya theluji ikawa na mgongo: ukiiweka sakafuni, katikati imenyanyuka. Ukisimama juu yake inalala, na uzito wako unasambaa mpaka kwenye ncha. Kwenye barafu hiyo ni dhahabu.

Skii ya majini haikuhitaji hayo. Maji hayana cha kung'ata. Yenyewe ilibaki na umbo la mtumbwi: tumbo chini, ncha juu. Ilipoacha mbao ikaenda kwenye faiba, alumini, baadaye kaboni, safari ileile ya skii za theluji. Hapo mimi sioni nani alimuiga nani. Wote walikuwa wanachungulia viwanda vya ndege na boti.

Ila msidhani wa majini walikuwa wanacheza tu. Kwenye slalomu ya majini mchezaji anasimama kwenye skii moja, boti inakwenda kwa kasi ya kilomita 58 kwa saa kwa wanaume, na anatakiwa kuyazunguka maboya sita. Kila akifaulu, kamba inafupishwa. Maboya yako mita 11.5 kutoka katikati ya njia ya boti. Kamba za wakali wa dunia zinafika mita 9.75. Rudia kusoma: kamba ni fupi kuliko umbali wa boya. Kinachobaki mtu anakifidia kwa mwili wake, amelala pembeni mpaka bega linakaribia kugusa maji, na ubao uliopinda chini yake ndio unaomrudisha. Golikipa anayeruka kufuata mpira wa kona ya juu anafanya hivyo mara moja. Hawa wanafanya mara sita ndani ya sekunde zisizofika 20.

Kwenye theluji, suala la kupinda lilipata jibu jingine. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ilitoa skii iitwayo SCX, kazi ya wahandisi Jurij Franko na Pavel Škofic. Hii ilikuwa na kiuno: pana mbele, nyembamba katikati, pana nyuma. Ukiilaza ubavu inapinda na kukata kona yenyewe. Skii za zamani zilikuwa karibu zimenyooka, kona ilikuwa kazi ya miguu na miaka ya mazoezi. Ndani ya muda mfupi kila kiwanda kikawa na skii za kiuno, na watu waliokuwa wakihangaika miaka wakaanza kupinda ndani ya wiki.

Basi dunia nzima ya theluji ikakubaliana: mgongo juu, kiuno katikati. Mjadala umefungwa.

TISHU YA BAA

Tatizo ni kwamba sio theluji yote ni ngumu. Huko juu ambako mashine hazifiki kuna theluji mpya, laini, kama unga wa sembe uliomwagwa kina cha kiuno. Skii ya mashindano ikiingia humo inafanya kile ilichomfanyia Samuelson ziwani mwaka 1922: ncha zinazama. Watu walijifunza kuegemea nyuma, mapaja yanawaka moto, na wakaita hiyo ufundi. Kiuno nacho kikawa mtego, maana ile sehemu pana ya mbele inashika kabla ya katikati na kumgeuza mtu asikotaka kwenda.

Njia ya kutoka ilianzia pembeni. Siku ya Krismasi 1965, mjini Muskegon, jimbo la Michigan, Sherman Poppen alitaka kuwachezesha binti zake nje. Akaunganisha skii mbili kwa skrubu ziwe ubao mmoja, wasimame kama wapanda mawimbi wa baharini. Ikaitwa Snurfer, na ndiyo babu wa ubao wa theluji unaouona leo kwenye Olimpiki. Ubao huo ulielea vizuri kwenye theluji laini kuliko skii. Miaka ya themanini ikielekea kwisha, Rupert Huber wa kampuni ya Atomic ya Austria akaona hilo, akachukua ubao wa theluji, akaupasua katikati kwa msumeno. Akapata skii mbili nene. Yaani Mmarekani aliunganisha mbili zikawa moja, Mwaustria akapasua moja zikawa mbili, na wote wawili wakawa sahihi.

McConkey alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1996 akiwa Las Leñas, kituo cha theluji nchini Argentina, alichora kwenye tishu ya baa skii ambayo kila kitu chake kimegeuzwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kuudhi: theluji laini haifanani na barafu, inafanana na maji. Sasa kwa nini tunaishukia na vifaa vya barafu? Watu wa majini hawana mgongo uliopinda juu, hawana kiuno, hawana kingo za kung'ata, na wanaelea.

Miaka ikapita bila mtu kuutengeneza ule mchoro. Zile skii za majini alizozivaa Alaska ndizo zilizokuwa ushahidi wake, sawa na Beckenbauer kwenye theluji kwa Johnston. Hatimaye Volant, kampuni ya Colorado iliyokuwa ikimdhamini, kupitia mhandisi Peter Turner, ikatengeneza. Mwaka 2002 skii hiyo ikatoka ikiitwa Spatula, jina la kile kijiko bapa cha kugeuzia mayai kwenye kikaango. Ilikuwa na tumbo la mtumbwi badala ya mgongo, na katikati, pale palipotakiwa kuwa na kiuno, ndipo palipokuwa na kitambi: sentimita 12 na nusu hivi.

Kwenye theluji ngumu ilikuwa balaa. Haishiki, haikati, ni kama kucheza na meno marefu kwenye sakafu ya saruji. Lakini kwenye unga ilielea, na jambo ambalo skii za kiuno zilikataa, hii ililikubali: kwenda ubavuubavu. Mtu akiwa kasi anaweza kuzigeuza kidogo, akapunguza mwendo kwa kuburuta, kama mtu wa majini anavyorusha ukuta wa maji.

Pea zilizotengenezwa zilikuwa chache. Leo ukiingia duka lolote la skii Ulaya au Marekani, nyingi za ukutani zina ncha zilizoanza kuinuka mapema, na katikati zimebaki na mgongo kidogo kwa ajili ya sehemu ngumu. Kilichopatikana ni ndoa: nusu barafu, nusu mtumbwi.

Na maji nayo yalilipwa. Mwaka 1985 huko San Diego, Tony Finn alitoa Skurfer, ubao mdogo wa kuvutwa na boti, msimamo ni uleule wa kiubavu wa ubao wa theluji. Miaka michache baadaye Herb O'Brien, mtengenezaji wa siku nyingi wa skii za majini, akauboresha kwa jina la Hyperlite, mwembamba zaidi, usioelea kupita kiasi. Toka hapo zikafuata mbao za kite, zile zenye ncha sawa mbele na nyuma. Ukienda Paje, Zanzibar, upepo wa kaskazi ukipuliza, utawaona vijana wetu wanaruka nazo juu ya mawimbi. Ule ubao ni kitukuu wa Snurfer. Mtu wa Paje ambaye hajawahi kugusa barafu nje ya friji amesimama juu ya ubao wenye damu ya theluji.

KUACHIA MGUU

Kuna kifaa kimoja kwenye michezo hii kinachonigusa mimi binafsi, nacho ni kifungio.

Zamani buti ilifungwa kwenye skii moja kwa moja. Ukianguka skii ikanasa, mwili unageuka, mguu haugeuki. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, Mnorway aliyehamia Oregon, Marekani, alivunjika mguu namna hiyo. Simulizi lake linasema alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi hospitalini aliomba penseli na karatasi, akachora kifungio kinachoachia mguu kabla mfupa haujavunjika. Akakiita Saf-Ski. Vyote vya leo vinafuata wazo lile. Majini raba laini ilitamba muda mrefu, lakini siku hizi wapo wanaotumia buti ngumu iliyokaa juu ya bamba linaloachia, wazo lililoshuka kutoka mlimani.

McConkey alikuja kuutegemea mtambo huo kuliko mtu yeyote. Alikuwa amehamia kwenye jambo la kutisha: kuteleza mpaka ukingo wa jabali, kuruka, kuziachia skii angani, kisha kupaa na suti yenye mabawa na kumalizia kwa parachuti. Machi 26, 2009, kwenye jabali la Sass Pordoi, milima ya Dolomites, Italia, aliruka na kujipindua mara mbili hewani. Skii moja iligoma kuachia. Ikamzungusha. Alipofanikiwa kuitoa, hakuwa na muda tena wa parachuti. Alikuwa na miaka 39.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilisimama, nikashika goti langu la kulia.

Mwaka wa pili wa diploma nilikuwa winga, tena sio mbaya, wanaonijua watasema. Fainali ya ndondo ya vyuo, uwanja wa nyasi bandia. Mimi nilikuwa na njumu za mtumba zenye meno sita marefu ya chuma, nzuri mno kwa lile tope la nyumbani kwetu. Dakika ya 30 na kitu nikamgeuza beki. Mwili ukageuka. Mguu ukabaki umeng'ang'ania kwenye raba zile nyeusi. Hakuna aliyenigusa. Ligamenti ya mbele ya goti, alisema daktari. Toka siku hiyo mpira nauandika.

Viwanja vya nyasi bandia viko Kaitaba, viko Nyamagana, na vya mtaani vinaongezeka. Njumu hazina kitu cha kuachia kama alichochora Hvam. Kinachomlinda mchezaji ni urefu wa meno tu: mafupi na mengi kwa nyasi bandia, marefu na machache kwa tope. Viatu vya namna zote mbili vinapatikana, tena vimeandikwa chini.

Wiki iliyopita nilikwenda Mchikichini kumnunulia mdogo wangu njumu, ana miaka 15, anajiita Pacome. Akashika pea moja ya rangi ya chungwa, meno ya chuma, inang'aa. Muuzaji, mzee mmoja mwenye kofia ya Yanga iliyofifia, akamwangalia.

"Dogo, unachezea wapi?"

"Pale shuleni, nyasi bandia."

Mzee akazichukua zile njumu mkononi mwake, akazirudisha kwenye msumari, akainama chini ya meza kutafuta nyingine.